Neno Lililonitoka Sanyuanli

Guangzhou, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Eliza,

Shikamoo Dada. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji na wote wanaolala chini ya bati lenu. Goti lako la kulia linasemaje? Na upepo wa Makambako, bado unabeba kanga za watu kwenye kamba, au nao umezeeka kama sisi? Mimi huku ni mzima. Presha ipo ila inasikia dawa. Nimepungua kidogo, na si kwa ugonjwa. Siku hizi najipikia mwenyewe na mpishi hana ujuzi.

Usishtuke kuona bahasha. Najua tunaongea kwenye simu kila Jumapili, na najua utasema Zakaria sasa kazeeka, karudi kwenye kalamu. Lakini kwenye simu wewe unanisikiliza huku unamfokea mjukuu ashuke juu ya meza, na mimi ni mwepesi wa kukwepa. Ukiniuliza la maana, nakuuliza bei ya viazi. Mwezi uliopita uliniuliza mara mbili kwa nini marobota kumi na mawili ya masweta yameletwa sebuleni kwako badala ya kwenda dukani Mbeya kwa mke wangu, na mara zote mbili nilikuuliza bei ya viazi. Leo nakujibu.

Jambo lenyewe linamhusu mwanao Upendo. Nimemkosea, na kosa langu limemchafulia jina mbele ya wafanyabiashara, huku na huko nyumbani. Nataka kulisafisha kabla shule hazijafunguliwa, maana jina likibaki hivyo masweta yale yatageuka kuwa viti vya wageni wako. Nikueleze yote kwanza, halafu nitakuomba kitu kimoja.

Unakumbuka siku uliponikabidhi Upendo, alipopata ile nafasi ya kusoma Kichina mwaka mmoja. Ulinishika mkono ukasema, "Zakaria, huyu ana kichwa kuliko sisi wawili. Mfundishe, lakini usimfanye mtumishi." Nikacheka. Nikakwambia kawaida ya kwetu naijua, na kijana akikaa kwangu nitamfungulia biashara yake kwa wakati wake.

Na kweli kawaida ninaijua, Dada, kwa sababu imepita mwilini mwangu. Nilikaa kwa Mjomba pale Mbeya miaka mitano, nikila kwake, nikilala juu ya marobota yake, bila mshahara wa kutajika. Mwaka wa tano akaita ndugu. Mama alikuwa ameshatutoka, wewe ukasimama nyuma yangu badala yake. Mjomba akasema mbele yenu, "Kijana huyu nimemfungulia. Mzigo wake ni wake." Akanipa robota langu la kwanza na akaniambia nichague maki, zile herufi za wino mweusi zinazoandikwa ubavuni mwa robota ili mzigo wako usipotee kwenye kontena la watu wengi. Nikachagua Z na E, Zakaria na Eliza, kwa sababu nauli ya kwenda Mbeya ilitoka kwenye viazi vyako. Mpaka leo wenye maduka wakiona ZE hawafungui robota kukagua. Wanabeba tu.

Sasa Upendo amekaa kwangu miaka saba. Hesabu mwenyewe ni mingapi imezidi.

Mwaka wa tano ulipofika nilisema hali ya soko si nzuri, asubiri. Wa sita nikasema kibali changu cha kuishi kinasumbua, tusifanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Wa saba sikuwa hata na sababu, nikawa nanyamaza tu. Ukweli ni kwamba alikuwa amenifaa mno. Kichina changu baada ya miaka yote hii ni cha bei na cha hapana. Nikifungua mdomo kwenye maghorofa ya jumla ya Xiaobei, wenye vibanda wanaitana waje kusikia. Upendo anabishana nao mpaka wanamkaribisha kiti. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wafanyabiashara wetu wakishuka kutoka Dar, akawazungusha sokoni, akakagua oda zao, akafunga mzigo. Nami nilikaa ofisini, ghorofa ya tisa, nikinywa chai na kuitwa Bosi. Mtu hamfungulii kwa haraka anayemfanya aitwe Bosi.

Tuje kwenye masweta. Likizo ya mwaka jana wewe ulikuwa shahidi, maana nasikia ndiye uliyeshika daftari. Alikaa siku tatu kwenye uwanja wa kanisa na tepu ya fundi cherehani shingoni, akiwapima watoto wa jirani mikono, viwiliwili na mabega. Akarudi huku na lile daftari kifuani kama Biblia. Wazo lake lilikuwa hili. Wazazi wa kwetu hununua sweta la shule kubwa kupita kiasi ili mtoto alivae miaka mitatu. Basi mwaka wa kwanza linamning'inia kama gunia, na mwaka wa tatu mikono imeishia katikati ya njia, na baridi ya mwezi wa sita unaijua. Alitaka sweta la kiwiliwili cha kadiri, mikono mirefu iliyofumwa makusudi ikunjwe mara mbili na kuteremshwa kila mwaka, na viwiko vya uzi wa mara mbili.

Nililipitia daftari lile kwa dakika moja, miwani ikiwa mfukoni. Nikamwambia, "Upendo, mimi naleta masweta tangu hujaota meno ya pili. Mikono mirefu hivi watasema Zakaria kaishiwa macho."

"Watoto ndio hao nimewapima, Mjomba."

"Watoto hawanunui. Wananunua wenye maduka, na wenye maduka wamezoea langu."

"Sawa, Mjomba."

Nikadhani yamekwisha. Kijana wa kwetu akisema sawa, mkubwa hasikii kilichobaki kinywani.

Mwezi wa tisa tulikuwa tunapakia. Ghala la kago liko Sanyuanli, si mbali na nyumba ninayopanga. Nina sheria moja na kila mtu pale anaijua: hakuna robota lenye maki yangu linaloingia kwenye kontena kabla sijafungua moja katika kila oda. Ndiyo sababu wenye maduka wanabeba bila kukagua. Nikapita na kisu changu, nikakuta marobota kumi na mawili nisiyoyajua, yote ZE. Nikapasua moja. Nikavuta sweta la bluu, mikono ikaja, ikaja, haikwisha kuja.

Nikamwita kwa sauti iliyowafanya hata wapakiaji wa Kichina waache kazi.

"Haya ni nini?"

"Masweta, Mjomba."

"Naona ni masweta! Ya nani?"

"Yangu. Nimeyalipia kwa akiba yangu. Nilipanga kukwambia leo jioni."

"Na maki?"

Akanitazama. Hakutazama chini, na hilo ndilo lililonipandisha zaidi. Akasema, "Sina maki nyingine, Mjomba."

Jibu hilo lilitosha, Dada. Mtu mwenye akili timamu angelisikia akakaa chini. Mimi nilifura. Nikamwambia mbele ya watu, "Basi toa maki yangu! Futa! Andika yako! Kuanzia leo mzigo wako ni wako na wangu ni wangu!"

Mkongo anayesimamia ghala akaja mbio, mikono juu. "Papa Zaka, doucement, taratibu! Mutoto wa dada yako huyu, banamurekebisha pole pole."

Lakini aliyenimaliza ni Baba Tulizo. Unamjua, yule muuza masufuria wa hapo hapo Makambako, anayekuja huku mara mbili kwa mwaka. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake akitafuna karanga. Akasimama, akavua kofia, akapiga makofi mawili ya taratibu kama inavyofanywa nyumbani. "Ahsante, Zakaria," akasema. "Nimesikia. Tulikuwa tunajiuliza ni lini."

"Umesikia nini?"

"Umemfungulia binti. Mzigo wako ni wako. Maneno ni hayo hayo, mimi nilifunguliwa nayo, na wewe pia."

"Nimekasirika tu, Baba Tulizo. Sikumaanisha."

"Hasira ni yako," akasema. "Maneno ni ya ukoo."

Nikamgeukia Upendo nikitumaini yeye atanisaidia, atasema hapana, Mjomba kakasirika tu. Akapiga goti moja kwenye sakafu ya saruji, akasema, "Ahsante, Mjomba," kama kijana anavyopaswa kusema. Sijui hata leo kama alikuwa ananishukuru au ananikomesha. Kisha akaomba kalamu ya wino kwa yule Mkongo, akapita robota moja baada ya jingine akiiziba Z kwa wino mpaka haionekani. E aliiacha. Nilitaka kupiga kelele tena, lakini E haikuwa yangu. Ni ya mama yake.

Ndivyo mzigo wenye E peke yake ulivyokuja kwako.

Ndani ya wiki moja alihama. Anaishi Xiaobei na wasichana wawili wa Kenya wanaosoma chuo, na amepata pembe ya ofisi ya watu kwenye jengo letu hilo hilo, ghorofa ya sita. Tunakutana kwenye lifti. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba." Halafu tunatazama namba zikipanda kana kwamba hatujawahi kuziona. Anashuka sita, mimi naendelea.

Kosa la ghalani, Dada, ni la hasira, na hasira kila mtu anayo. La pili ni baya zaidi, na hili ndilo linalonifanya niandike. Mkubwa anapomfungulia kijana hufanya hivyo nyumbani, wazazi wameketi, kila kitu kwa upole. Kijana aliyetolewa kwa kelele ghalani watu humtafsiri vingine. Mteja wangu mmoja wa Mbeya akaniuliza, "Nasikia yule binti alikuchezea mzigo?" Nami ningeweza kumjibu kwa neno moja. Nikasema, "Ah, mambo ya ukoo hayo," nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akaelewa alichotaka kuelewa. Wa pili akaniuliza, nikajibu vile vile. Nilijua ninachofanya. Nilijua wakimwogopa watarudi ghorofa ya tisa, na yeye labda atarudi pia. Kwa miezi miwili hakuna Mtanzania aliyempa Upendo oda ya maana. Aliishi kwa kutafsiri vyeti vya wanafunzi.

Naona aibu kuliandika hili, lakini ukubwa jalala, na leo ni zamu yangu kujitupia mwenyewe.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa Kichina tunayemwita Mama Lin, mwenye kibanda cha nguo za kufuma. Ndiye aliyefuma yale masweta. Nilikwenda kwake kuagiza oda yangu ya kawaida, akawa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo bila kunitazama. Mama huyu ana binti mmoja, anachora picha za michezo ya kwenye simu katika mji mwingine, na kibanda hakitaki hata kukisikia. Akaniuliza Upendo yuko wapi. Nikamjibu kwa Kichina changu: hayuko, kaondoka. Akaniambia polepole, kwa maneno mepesi kama anaongea na mtoto, nisije nikakosa hata moja: "Mimi natafuta mtu wa kumwachia hiki kibanda, simpati. Wewe unaye, unamfukuza." Halafu akanitajia bei ya juu kuliko ya mwaka jana, kwa hiyo usidhani alikuwa malaika.

Nilirudi kwa miguu kwa kufuata barabara ya Huanshi Zhonglu, na nikawaza mambo ambayo mtu hawazi akiwa na kijana wa kumtuma.

Dada, nilipokuwa na ishirini na kitu pale Mbeya, kijana mwenzangu nilimwona adui. Akiniuliza duka la zipu liko wapi, nilimwambia limefungwa. Nilipompata mwanangu Baraka nikawa na huruma, ila ilikuwa huruma ya mtoto mmoja. Wa wengine wangeweza kutembea peku mradi Baraka ana viatu. Unakumbuka nilivyompigia simu mwalimu wake kutoka huku kumuuliza kwa nini kapata hamsini Kiswahili. Nilipovuka arobaini nikaanza kuwapenda vijana wote wa kwetu, nikawa mwalimu wa kila anayeshuka kwenye ndege. Lakini nilitaka wafanane na mimi, wafunge mzigo kama mimi, wabishane bei kama mimi. Baraka hakutaka. Anafundisha hesabu Iringa na anafurahi, na ilinichukua muda mrefu kumsamehe hiyo furaha. Ndipo nikamshika Upendo kwa mikono miwili, maana nilisema huyu hapa ndiye.

Sasa nina hamsini na minne. Kila mara niliamini ninawafikiria watoto, na kila mara nilikuwa nazungumza habari za Zakaria. Zamani niliogopa Upendo asije akashindwa. Siku ile ghalani niliogopa kwamba ameweza bila mimi, na nililipuka kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya maki.

Wewe ulilijua hili kabla yangu. Sisi wadogo zako ulituchapa kwa kijiko kilichoanguka. Watoto wako uliwaogopesha kwa macho tu. Wajukuu sasa wanakukalia mgongoni wakikusuka nywele na wewe unacheka, na Upendo alipotaka kupima watoto wa mtaa mzima ulichukua daftari ukaandika namba bila kuuliza ni za nini. Nilidhani umelegea kwa uzee. Naomba radhi.

Juzi Upendo alipanda mpaka ghorofa ya tisa. Alibisha hodi, yeye ambaye alikuwa na ufunguo. Akasimama mlangoni akasema, "Mjomba, naenda nyumbani kula Krismasi. Una mzigo wa Mama?" Hivyo ndivyo mlivyomlea, mtu anasafiri haendi bila kuuliza. Nikamwambia arudi leo. Nikaenda kanisani, nikarudi, na tangu hapo nimekaa naandika.

Kwa hiyo aliyekuletea bahasha hii ndiye mwenyewe. Nitaifunga kwa gundi mbele yake na sitamwambia kilichomo. Nadhani anaamini amebeba mashtaka yake, na hataifungua njiani. Pengine sasa hivi yuko jikoni anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akisubiri uso wako.

Ombi langu ni hili. Mimi siwezi kuja mwaka huu, kibali kinaisha mwezi wa pili na nikitoka kabla hakijahuishwa sijui kama nitarudi. Naomba usimame mahali pangu. Wewe ulisimama mahali pa Mama ukaweza, na hili utaliweza. Mwite Shemeji aache redio. Mwite Baba Mdogo, mzee wa ukoo aliyebaki, hata kama atasinzia. Umwite na yule mama mwenye duka la sare pale sokoni, kwa kuwa akilisikia yeye kabla ya saa sita, mpaka jioni Makambako nzima imelisikia, na safari hii ndivyo ninavyotaka. Huku nimekwisha kuwaambia wale wateja wawili ukweli. Mmoja alinicheka, wa pili alishuka ghorofa ya sita siku hiyo hiyo. Kwenye kifurushi chekundu alichobeba kuna kalamu za wino kumi na mbili na mkanda wa kupimia wa chuma. Hivyo ni vyake, mpe kwa mikono miwili baada ya kusoma. Blanketi ni la kwako, la goti.

Nisalimie Shemeji, mstaafu wa reli, mwambie mgongo unataka kutembezwa si kulazwa. Msalimie Baba Mdogo. Msalimie Mchungaji, na fundi cherehani aliyeazimisha tepu yake siku tatu bila kulalamika. Wajukuu wote wasalimie, hasa huyo wa juu ya meza. Mke wangu akipita kutoka Mbeya mwambie nakula vizuri. Wewe ukweli unaujua lakini yeye usimwambie. Mungu akulinde, Dada, akuongezee miaka ili uendelee kunirekebisha.

Haya, watu wakiisha kuketi, mtoe Upendo jikoni. Asimame mbele na wewe usimame nyuma yake. Yanayofuata yasome kwa sauti, ukimwachia Shemeji akusomee kama miwani iko mbali:

Mimi Zakaria, mbele ya dada yangu Eliza na ukoo, nasema hivi. Upendo amekaa kwangu miaka saba. Haki yake ilikuwa mitano. Miwili nilimnyang'anya mimi, na siwezi kuirudisha. Katika muda wote huo hakunichukulia hata uzi. Masweta yaliyomo humu ndani ni yake, kwa akiba yake na kichwa chake. Aliweka maki yangu kwa sababu nilimnyima ya kwake. Nilimpigia kelele mbele ya watu, na watu walipodhani ni mwizi nikanyamaza. Huo ulikuwa uongo na ni wangu. Sikumfukuza. Nimemfungulia. Mzigo wake ni wake. Atakayemwita vingine anijibu mimi.

Upendo mwanangu, nisamehe. Mikono bado naiona mirefu. Kauze.

Mjomba wako,
Zakaria